Maua ya Laela, Wageni kwa Wenyeji

Msafiri atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga, akiisha kupita mashamba ya mahindi na maharage yaliyotandaa pande zote mbili za lami, hufika Laela, mji uliokaa juu ya uwanda wa Ufipa baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, katika nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako jua huchoma na upepo hupoza katika saa ile ile moja. Aghalabu msafiri huyo hushuka kununua maharage au ulezi, akanywa chai, akapanda tena. Na hata mwenyeji, ambaye kila siku hupita njia zile zile za sokoni, kisimani, shuleni na kanisani, hana desturi ya kuutazama mji wake kama kitu chenye uzuri wa kumsimamisha mtu. Naona ni hasara, kwa sababu njia hizo zina maua karibu mwaka mzima, na maua hayo yana habari; na kando ya maua, ndani ya nyumba na uani, zimo kazi za mikono ambazo habari zake hufanana na zile za maua kwa namna ya ajabu.

Habari yenyewe ni hii. Maua tunayoyapanda katika nyua zetu, tunayoyamwagilia na kuyapogoa, karibu yote ni wageni waliotoka ng'ambo ya bahari. Na yale ambayo nchi ya Ufipa iliyazaa yenyewe tumeyaacha porini, wengi wetu hatuyajui kwa majina, na mengine twayachimbua na kuyauza. Vivyo hivyo katika kuta za sebule tumetundika picha zilizochapwa ugenini, na mezani tumeweka maua ya plastiki, ilhali mtungi uliofinyangwa kwa mikono ya jirani yetu umewekwa uani kuhifadhi maji, wala hapana amwitaye mfinyanzi wake msanii. Simlaumu mgeni. Mgeni mwema ni baraka, na baadhi ya wageni hawa nitawasifu kwanza, kwa kuwa wanastahili.

Bogonvilia ndiyo ionekanayo mbele ya yote, imepanda juu ya ukuta wa matofali ya kuchoma, rangi ya damu ya mzee nyumba hii, zambarau nyumba ya pili, na rangi ya chungwa kwa jirani wa tatu. Watu huisifu kwa ua ambalo kwa hakika si ua. Chuma kitawi kimoja, ukisogeze karibu na jicho, nawe utaona ya kuwa zile karatasi tatu za rangi, nyembamba hata mwanga hupenya na mishipa yake ikadhihiri, ni majani yaliyogeuka sura. Na juu ya mshipa wa kati wa kila jani umesimama mrija mmoja mwembamba, ambao ncha yake imefumbuka ikawa nyota nyeupe iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Nyota hiyo ndiyo ua. Mmea umeyatumia majani yake kuwaita wadudu kwa mbali, kwa kuwa ua lenyewe ni dogo mno kuonekana. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Philibert Commerson, aliukuta Brazili mwaka 1767, alipokuwa katika safari ya kuizunguka dunia chini ya nahodha Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo lililobakia katika mmea huu. Na msaidizi wa Commerson katika kukusanya mimea alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejificha ndani ya mavazi ya kiume kwa kuwa merikebu za serikali ya Ufaransa zilikuwa haziruhusiwi kuchukua wanawake, naye ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye katika tarehe kuizunguka dunia. Wapitao chini ya bogonvilia za Laela wanastahili kulijua jina la bibi huyu kama walijuavyo la nahodha.

Mjakaranda nao umetoka upande huo huo wa dunia, katika nchi za Argentina na Bolivia. Kuanzia Septemba, vumbi lingali limekaa juu ya mabati na mvua haijawa hata na dalili, mti huo huvaa urujuani kabla ya majani yake kurudi sawasawa, ukaangusha nusu ya vazi lake chini, na kwa majuma machache njia ya vumbi hutandikwa zulia ambalo hapana aliyelinunua. Kana, lantana, na lile ua jekundu la Krismasi ambalo nalo ni majani yaliyogeuka rangi, wote hao walitoka nchi za joto za Amerika. Sina haja ya kukaa nao, ila nitasema ya kuwa lantana si mgeni wa kuachiwa mlango wazi, kwa maana huingia malishoni ikayafukuza majani na kuwadhuru mifugo wailao.

Mgeni anayependwa kuliko wote hapa si wa bustani bali wa shamba, naye ni alizeti, aliyezaliwa Amerika ya Kaskazini, na ambaye leo ni mafuta ya kula katika nyumba za Rukwa na mashudu ya mifugo wake. Kila mkulima amejua ya kuwa ua changa hulifuata jua toka mashariki hadi magharibi, na ya kuwa likiisha kukomaa husimama likaelekea mashariki daima. Lakini wachache wamelitazama tumbo la ua hilo kwa utulivu. Tuliitalo ua moja ni jamii ya maua mamia kwa mamia: yale ya ukingoni, yenye ulimi mrefu wa manjano, hayazai, kazi yake ni kuita, na yale madogo ya katikati, ambayo kila moja ni mbegu ya kesho, hufunguka kwa zamu kutoka ukingoni kuingia ndani, safu baada ya safu, siku baada ya siku. Safu hizo zimejipanga kwa mizunguko miwili iliyopishana, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na mwenye subira ya kuhesabu hukuta aghalabu 34 upande mmoja na 55 upande wa pili, kwa sababu kila kijiua kipya huzaliwa penye nafasi kubwa zaidi iliyoachwa na wenzake, na kwa kanuni hiyo moja, pasipo fundi wala rula, nafasi yote hujaa bila pengo.

Ua hilo hilo ndilo lililomshika mchoraji wa Kiholanzi Vincent van Gogh mwezi wa Agosti 1888 katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, alipokuwa akimngoja rafiki yake Gauguin aje kukaa naye, akataka kukipamba chumba cha mgeni huyo kwa picha za alizeti. Akatumia manjano juu ya manjano. Na, jambo ambalo napenda kulikumbusha, hakuyachora maua yaliyo katika ujana wake peke yake, bali na yale yaliyonyauka, yenye vichwa vilivyoinama na mbegu zilizotokeza. Mtu wa Laela aliyesimama shambani mwezi wa Mei, wakati wa kuvuna, ameziona picha hizo zikiwa hai, naye ana haki ya kuzitolea hukumu kuliko wengi wanaozitazama London, kwa sababu ajua uzito wa kichwa cha alizeti mkononi.

Sasa niwageukie wenyeji. Katika kiangazi kile kile ambacho mjakaranda husifiwa, uko mti mwingine pembezoni mwa njia za mashamba, mfupi, wenye gome nene lililopasuka-pasuka na miiba, ambao wapitao huudhani mkavu mpaka siku unapowasha mishumaa yake: mwamba-ngoma. Maua yake hutoka juu ya matawi yasiyo na jani hata moja, yamesongana katika mashada yaliyosimama wima, mekundu yenye mwelekeo wa chungwa, na ukilitazama shada kwa karibu utaona ya kuwa ua moja moja lina upande mmoja tu mrefu uliokunjwa, umelifunika fumbato la nyuzi zenye chavua, na nje ya kikombe chake pana vijipembe vyembamba kama nyuzi. Ndege chozi, mwenye mdomo uliopinda, huingiza mdomo humo kunywa asali, akatoka na unga wa chavua pajini, akaupeleka kwenye mti mwingine. Baadaye huja maganda yenye manyoya, yaliyobanwa baina ya mbegu na mbegu, nayo yakipasuka huonyesha mbegu nyekundu zenye baka jeusi, ambazo hutungwa kuwa shanga. Na anayezitunga awaangalie watoto, kwa maana ndani yake mna sumu. Mti wake ni laini na mwepesi, huchongeka bila kupasuka, na kwa sifa hiyo tangu zamani mafundi huutoboa ukawa ngoma na mizinga. Basi katika mti mmoja mna rangi ya jicho, pambo la shingo na sauti ya sherehe, na bado sijauona umepandwa mbele ya ofisi hata moja.

Nao miombo, mwezi wa Septemba, hutoa majani machanga ya rangi ya shaba, ya divai na ya waridi, hata mtu atazamaye kutoka mbali huapa ya kuwa msitu mzima umechanua. Rangi hiyo ni kinga: jani likiwa bado bichi hukingwa nayo na jua kali, na kadiri linavyokomaa ndivyo linavyorudi katika ukijani. Mvua zikianza Novemba, zamu hushikwa na maua ya chini, yale yaliyolala ardhini mwaka mzima kama vitunguu na viazi. Gladiola ya mwitu hupandisha mshale wake katikati ya nyasi, nyekundu iliyochanganyika na manjano. Nayo ni mmojawapo wa wazazi wa zile gladiola kubwa zinazouzwa kwa bei ghali katika maduka ya maua ya Ulaya, ambazo wakulima wa huko walizichanganya mbegu tangu karne ya 19. Habari hiyo si ya pekee. Ua dogo la zambarau lililomo katika madirisha ya nyumba nyingi za Ujerumani, Uingereza na Marekani lilichukuliwa kutoka milima ya Usambara mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, akampelekea baba yake. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wao katika vitabu vya elimu, na leo, wakati linapotunzwa kwa mamilioni katika vyungu vya ng'ambo, kwao lilikozaliwa linatishwa na ukataji wa misitu. Maua yetu yamekuwa wageni wenye heshima kwa watu wengine kabla hayajawa wenyeji wenye heshima kwetu.

Lililo zito kuliko yote ni la okidi. Katika nyanda za majani za Ufipa na za nyanda za juu za kusini humea okidi za ardhini za aina nyingi, ambazo hazina kimo cha kujivunia, lakini zina ufundi ambao sonara angeuonea wivu: ua moja ni upana wa kucha, nalo lina kofia, mabawa, ulimi na mkia mrefu uliojaa utamu, vyote vimepimwa sawasawa na urefu wa ulimi wa nondo au wa mdudu mwingine alizoeaye. Chini ya kila mmea pana kiazi. Viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, unga wake ukachanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na magadi, ukapikwa mpaka ukashikamana, ukakatwa vipande. Nacho ndicho chikanda, chakula kipendwacho sana katika nchi ya Zambia na kwa baadhi ya jirani zetu wa mpakani. Mapishi hayo ni ya zamani na ni matamu, sina neno nayo. Ila mahitaji ya miji yalipozidi, na viazi vya Zambia vilipopungua, magunia yakaanza kutoka upande wetu kupitia Tunduma. Na mwenye kuchimba kiazi ameuondoa mmea wote. Wala okidi hairudi upesi. Mbegu yake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula ndani, haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu fulani wa udongoni wa kuilisha, na kutoka hapo hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika malisho ya Ufipa wageni wamekuja, lakini mwenyeji huyu hajapona. Kule Kitulo, baina ya Mbeya na Njombe, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, serikali ilitenga hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika nchi za joto za Afrika iliyotengwa kwa ajili ya mimea zaidi ya wanyama, yenye okidi za aina 45 hivi. Ufipa haina hifadhi ya namna hiyo, nami natamani kwa moyo wote ingekuwa nayo.

Turudi mjini, tuingie katika nyua. Kanga zilizoanikwa kwenye kamba ni maonyesho ya picha yanayobadilika kila Jumamosi: pindo likizunguka pande nne, mji katikati, na jina chini yake, na katika pindo hizo utakuta waridi, korosho, mashada na mizabibu iliyochorwa na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Watu wa pwani walizidi hapo, wakaifanya sanaa ya maua kuwa kitu cha kuvaliwa: asumini iliyotungwa uzi, na kikuba cha asumini, mrehani na mkadi kilichofungwa kwa ustadi, hukaa katika nywele au kifuani usiku mmoja tu, kikatupwa, na fundi wake hasikitiki, kwa kuwa kesho atatunga kingine. Milango yao, ile ya Lamu na Unguja, imechorwa nakshi za yungiyungi na waridi ambazo zimekaa zaidi ya miaka mia. Ni vema kuyajua haya mawili pamoja, ua la usiku mmoja na ua la mti mgumu, kwa maana yule fundi wa kikuba si mdogo kuliko yule wa mlango.

Na Ufipa? Watu wake walikuwa wafumi wa nguo za pamba katika vitanda vya mfumi, na wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta katika kazi hiyo. Walikuwa, zaidi ya hayo, wahunzi wa sifa kubwa. Tanuri zao za kuyeyushia mawe ya chuma, ziitwazo malungu, zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, zikapanda kupita kimo cha mtu, zimepanuka chini na kusinyaa juu. Nazo hazikuvuviwa na mvukuto, bali hewa ilijivuta yenyewe kwa kewa za udongo zilizopangwa katika matundu ya chini, moto ukawaka siku kadhaa, kisha chuma kikachukuliwa kwenye tanuri dogo, lenye mivukuto, kikasafishwa. Tanuri jipya lilitendewa kama bibi arusi, kwa miiko na dawa na heshima zake. Majembe ya viwandani yalipofika kwa wingi kazi ikafa, lakini baadhi ya malungu yangali yamesimama katika mashamba na vichaka vya Ufipa, na majani ya mvua yamemea juu yake. Nimeona watu wakisafiri mbali kwenda kutazama minara ya watu wengine. Mnara wa namna hii, uliojengwa kwa udongo wa mchwa na ukatoa chuma, nauhesabu katika majengo mazuri ya nchi yetu.

Wako wasanii wa Afrika ya Mashariki waliofahamu mapema ya kuwa vya kwetu vinastahili kutazamwa. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, mwanafunzi kisha mwalimu wa Makerere, aliyekuwa baadaye balozi wa Tanganyika mjini London, hakutafuta mambo ya kigeni ya kuchora. Alichora watu wake wakilima, wakivuna na wakichukua pombe ya ndizi kumpelekea bibi arusi usiku, na picha hiyo ya bibi arusi imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Mwenziwe Elimo Njau, mwisho wa miaka ya 1950, alizichora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, akamchora Kristo akizaliwa katika boma la Wakikuyu, kwenye mandhari ya nchi ile ile anayoiona mwabudu atokapo mlangoni. Naye Edward Saidi Tingatinga, mtu wa upande wa Tunduru, asiyepita katika shule yoyote ya sanaa, alianza mwaka 1968 kupaka rangi za mafuta zing'aazo, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao za hadibodi, akachora ndege na wanyama wakubwa wenye macho ya mshangao. Akafa kwa risasi mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40 hivi tu, na wanafunzi wake wakayajaza mandhari ya nyuma ya picha zao maua na majani mpaka pasibakie nafasi tupu. Ukiitazama picha ya namna hiyo baada ya kulitazama tumbo la alizeti, utajua walikojifunza kuichukia nafasi tupu.

Kwa hiyo mtu wa Laela atakaye kufurahia kazi za sanaa asiseme kwamba makumbusho yako mbali. Aanze na mtungi wa udongo sokoni: auzungushe polepole, atazame mahali nakshi ya mistari inapoanzia na inapokutana tena, kwa kuwa hapo ndipo mkono wa mfinyanzi ulipotua, na ubora wa fundi hujulikana katika kiungo hicho. Kisha atoke njiani akalitazame ua moja kwa muda ule ule aliotumia kwa mtungi. Macho yaliyozoezwa kwa kimoja hufanya kazi kwa kingine, na baada ya miezi michache picha ya sebuleni itaanza kumwambia kama ni nzuri au ni ya kujaza ukuta.

Na kama katika uwanja wa shule, wa zahanati au wa nyumba yake pana nafasi ya mti mmoja zaidi, apande mwenyeji. Mwamba-ngoma hauhitaji kitalu: tawi nene hukatwa mwisho wa kiangazi, likaachwa kivulini siku chache jeraha lake likauke, likasimikwa katika shimo mvua zinapokaribia, na aghalabu hushika. Kwa miaka ya mwanzo litakuwa ni kigingi chenye majani tu. Asiling'oe.